Fundi Fundo na Waya Ulioning'inia

Fundi Fundo hakupewa jina hilo kwa ubaya. Alilipata kwa vitambaa vyake. Popote alipofanya kazi aliacha nyaya zimekusanywa pamoja na kufungwa kwa vipande vya kitambaa, kila kipande na fundo lake dogo, na mafundo yote yametazama upande mmoja. Vitambaa alivitoa kwa mkewe mshonaji, aliyekuwa akilalamika kwamba mabaki yake yote yanaishia kwenye kompyuta za watu. Mafundi wenzake walimcheka, wenye ofisi wakampenda. Waya unaoning'inia ulimnyima raha. Angekuja kwako kukusalimia akaona waya wa televisheni umelala sakafuni, angekunywa chai yako huku jicho liko kule kule, mpaka umruhusu ainuke akaufunge.

Basi ndivyo alivyokuwa, mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, mwembamba, mkoba wa bisibisi na koleo begani, na maringo kiasi. Maringo yake hayakuwa ya nguo wala ya fedha, yalikuwa ya kazi. "Kazi yangu hairudiwi," alipenda kusema, na mara nyingi ilikuwa kweli. Ndiyo maana maneno hayo yalimkaa kichwani akayaamini kuliko ilivyofaa.

Ufundi aliuanza utotoni, na aliuanza kwa kuharibu. Alipofika umri wa shule alipelekwa kukaa kwa mama yake mdogo, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na shule, akakaa huko mpaka akaota ndevu. Mama mdogo hakujaliwa kuzaa. Mumewe, baba mdogo, alikuwa dereva wa lori, mtu wa sauti kubwa na utani mwingi, na kitu alichokipenda kuliko vyote ndani ya nyumba kilikuwa redio ya mbao aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Redio hiyo ikaanza kukoroma. Siku moja baba mdogo akiwa safarini, mtoto aliifungua kwa kisu cha mezani akidhani ataitibu. Ugonjwa hakuuona. Alipojaribu kuirudisha, skrubu zikambaki mkononi, kioo cha mbele kikapasuka, na redio ikanyamaza kabisa.

Baba mdogo aliporudi na kuuliza, mtoto alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Akamsikia mama mdogo akisema, "Imeniponyoka mimi, nilikuwa nafuta vumbi." Alisema hivyo tu, akaendelea kukunja nguo zake.

Mtoto hakupigwa. Mama mdogo naye hakupigwa, maana mumewe hakuwa mtu wa mkono, alikuwa mtu wa mdomo. Tangu siku ile alimgeuza mkewe kuwa kichekesho cha nyumba. Wageni wakija, "Msimpe huyo glasi, tutaokota vigae hapa!" Jirani akijifungua, "Mtoto mpeni mwingine ambebe, huyu wangu vitu humponyoka!" Vikombe vya kaure vikapandishwa juu ya kabati, mama mdogo akanunuliwa kikombe chake cha plastiki, cha bluu, chenye mkono mnene. Utani ulirudiwa mwaka hadi mwaka mpaka ukawa ukweli wa ukoo mzima. Hata mtoto mwenyewe alikua akiucheka pamoja na wenzake. Siku alipopata mkoba wa ufundi, redio ile ilikuwa imemponyoka mama mdogo hata ndani ya kichwa chake yeye aliyeivunja.

Sasa, mama mdogo alikuwa mfagizi katika chuo kidogo kinachofundisha ushonaji, useremala na kompyuta. Mume alikuwa ameshastaafu, magoti yamemwisha kwa kukanyaga klachi, na kazi ile ya ufagio ndiyo iliyoweka chakula mezani. Ikatokea ofisi moja ya bima imenunua mashine mpya, zile za zamani ikakipa chuo. Bahati hiyo ilikuja wakati mzuri, kwa sababu mwaka ule watahiniwa wote walitakiwa kuandikishwa kwa mtandao, karatasi hazipokelewi tena, na mwisho wa kuandikisha ulikuwa unakaribia. Mkuu wa chuo akaanza kuulizia mtu wa kuziunganisha. Mama mdogo alikuwa anafagia mlangoni pake.

"Mkuu, mwanangu anafanya kazi hizo," alisema.

"Mwanao yupi, mama?"

"Ninaye mmoja. Mwite umwone, ukimkataa umenikataa mimi."

Mkuu alicheka, kisha akamwita. Fundi Fundo alipoingia darasa la kompyuta alikuta mashine nene, nyeupe yake imeshageuka njano, zimepangwa juu ya meza za useremala.

"Hizi si kompyuta, fundi," alisema mwalimu wa kompyuta, mwanamke wa maneno machache yenye pilipili. "Hawa ni wazee waliostaafu."

"Wazee hawatupwi, mwalimu. Hutafutiwa kazi nyepesi."

Waya wa mtandao kutoka barabarani ulikuwa umeingilia kwenye stoo ndogo iliyo kati ya darasa na ofisi. Hiyo ilikuwa stoo ya mama mdogo, anamoweka mifagio, ndoo na matambara ya deki. Fundi akasema mitambo yake ya mtandao itakaa humo, na maji na umeme havilali kitanda kimoja. Mama mdogo hakubisha. Alihamishia ndoo zake chini ya ngazi, akarudi na ufunguo uliofungwa uzi mwekundu.

"Shika, baba. Upo huu tu, mwenzake alipotea zamani. Chumba nakuachia wewe."

Fundi akautia mfukoni.

Kazi ilimchukua siku kadhaa, na ilikuwa kazi ya kupendeza kuitazama. Alifungua mashine moja moja akapuliza vumbi la miaka. Nyingine hazikuwa hata na tundu la waya wa mtandao, akazitia kadi alizonunua kwa muuza vipuri vya mitumba. Alipitisha nyaya ukutani, akakata, akachuna ganda, akapanga vijiwaya vya ndani kwa rangi zake, akavisukuma kwenye kichwa cha plastiki na kukibana kwa koleo. Kila waya ulitoka kwenye kompyuta yake ukaenda stoo, kwenye swichi, yaani kisanduku chenye safu ya matundu ambacho kazi yake ni kupokea ujumbe wa mashine moja na kuufikisha kwa nyingine. Kutoka kwenye swichi waya mmoja uliingia kwenye ruta, na ruta ndiyo iliyokuwa mlango wa kwenda duniani.

Siku ya kwanza ya kujaribu, kurasa zilikataa kufunguka. Mwalimu akavuta pumzi. "Si nilisema? Wamestaafu."

Fundi akacheka. Alimwonyesha pembeni mwa kioo: tarehe ilikuwa ya miaka mingi nyuma. Betri ndogo ya saa, ile iliyo kama kifungo cha koti, ilikuwa imekufa ndani ya kila mashine. "Hii inadhani bado ni mwaka uleule ilipotoka kiwandani. Wewe mtu akigonga mlango wako akakwambia leo ni mwaka juzi, utamfungulia?" Akabadilisha betri, akarekebisha tarehe, na kurasa zikafunguka. Wanafunzi wakapiga makofi. Mwalimu mwenyewe akatabasamu, kitu kisichoonekana kila siku.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, na kwa kila aliyepita alisema, "Mwanangu huyo." Mkuu akapita, "Mwanangu huyo." Muuza maji akapita, "Mwanangu huyo." Fundi alimsikia, akaona haya kidogo, haya ya kijinga ya mtu mzima anayesifiwa na mfagizi mbele ya waheshimiwa. Aliinamia meza akajifanya ana kazi.

Jioni, kompyuta zote zimezimwa, aliingia stoo kupanga nyaya zake. Akafunga vitambaa, fundo baada ya fundo. Ukabaki waya mmoja, ambao ncha moja ilikuwa kwenye swichi na nyingine alikuwa ameichomeka kwenye kompyuta yake ya mkononi wakati wa majaribio. Sasa ameichukua kompyuta yake, na ncha ile inaning'inia. Angeuchomoa waya wote akautia mkobani, hadithi ingeishia hapa. Lakini palikuwa na tundu tupu kwenye swichi, na jicho lake halikuvumilia. Aliichukua ile ncha akaichomeka pale, waya akauzungushia katika wenzake, akaufunga vizuri. Akarudi nyuma kuangalia. Hapakuwa na kitu kinachoning'inia. Akafunga mlango, ufunguo mfukoni, akaenda zake anapiga mluzi.

Anayeijua kazi hii ameshashika kichwa. Asiyeijua asubiri, ataelezwa.

Asubuhi mwalimu aliwasha mashine, na hakuna hata moja iliyofungua ukurasa. Fundi akaitwa. Alifungua stoo akakuta taa za swichi zinapepesa zote kwa pamoja, haraka haraka, kama zinazogombana. Alizima ruta akaiwasha. Alipima nyaya upande wa darasani, zote nzima. Alipiga simu kwa watu wa mtandao, wakasema kwao kuko shwari. Mafundo yake hakuyagusa, maana mafundo aliyafunga yeye, na kosa halingeweza kukaa hapo. Mchana ukaingia. Ofisini walikuwa wamejaa, mkuu, mwalimu wa kompyuta, mwalimu wa useremala na karani, na nje wanafunzi walikuwa wanangoja kuandikishwa.

"Fundi," alisema mwalimu, "si ulisema kazi yako hairudiwi?"

Neno hilo lilimchoma. Mtu akichomwa penye sifa yake, husema lolote.

"Kazi yangu iko sawa. Jana mliiona wote inafanya kazi. Hapa mtu kagusa."

"Nani aguse?" aliuliza mkuu.

"Ile si ilikuwa stoo ya mifagio? Ufagio ukipita kwenye nyaya mnategemea nini?"

"Unamsema mama yako?"

Hapo angeweza kusimama. Mkuu mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea. Lakini fundi aliona nyuso zote zinamngoja, na ulimi ukatangulia.

"Mimi namfahamu, mkuu. Vitu humponyoka. Hata redio ya nyumbani aliiangusha, muulizeni mumewe."

Mwalimu wa useremala akacheka, karani naye akacheka. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema waliojikwaa. Neno "redio" lilipomtoka, fundi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikumbuka pazia la mlango, na kisu cha mezani. Akaisukuma kumbukumbu hiyo nyuma.

Mama mdogo aliitwa. Aliingia na mikono yenye povu, akaifuta kwenye aproni.

"Mama," mkuu alisema, "umeingia kwenye kile chumba cha nyaya tangu jana?"

Alimtazama mkuu. Alimtazama fundi. Fundi alikuwa anatazama koleo lake kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

"Huenda ni mimi," alisema mama mdogo. "Nilipitisha deki asubuhi. Labda niligusa."

"Si tulisema kile chumba hakiingiwi?"

"Mlisema. Nisameheni."

Mkuu alijipapasa paji la uso. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye wanafunzi nje. "Nenda nyumbani kwanza, mama. Tutakuita."

Kila mtu pale chuoni aliijua ile "kwanza." Mlinzi wa zamani aliambiwa aende nyumbani kwanza, na mpaka leo hajaitwa. Mama mdogo alivua aproni, akaikunja, akaitundika kwenye msumari kando ya mlango. Alipompita fundi mlangoni alisema kwa sauti ndogo, "Usijali, baba. Wewe fanya kazi yako."

Fundi alirudi stoo, akaanza kufungua mafundo kwa sababu hakikubaki kingine cha kufungua. Alishika waya mmoja mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Akafika kwenye ule mmoja. Ulianzia kwenye swichi, ukazunguka ndani ya wenzake, ukaishia kwenye swichi ileile. Aliushika kwa mikono miwili asitake kuamini. Waya wa namna hiyo hugeuza swichi kuwa mtaa wa wambea: ujumbe unatokea tundu hili, unarudi kwa tundu lile, swichi inadhani ni habari mpya, inautangaza tena kwa wote, nao unarudi tena, mpaka hapabaki nafasi ya neno lingine lolote. Mwanafunzi wa ufundi hufundishwa hilo mapema sana. Na waya huo aliuchomeka yeye, kwa sababu ulikuwa unaning'inia.

Aliuchomoa. Taa zikatulia. Darasani wakapiga kelele, "Imerudi! Imerudi!"

Mkuu alikuja mbio. "Kilikuwa nini?"

"Waya ulikuwa umekaa vibaya."

Hakudanganya, ukiyapima maneno yenyewe. Mkuu akampa mkono, akautikisa sana. "Wazee wetu tunawapenda, lakini mitambo hii haiwafai." Fundi akautoa mkono wake na kuufuta kwenye suruali, ingawa haukuwa na uchafu. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na bado mdomo haukufunguka. Mwalimu wa kompyuta alimletea soda. Nusu ya kwanza ilishuka, nusu ya pili ikakataa.

"Fundi, ufunguo utuachie," mwalimu alisema. "Asubuhi nimeukuta mlango umefungwa, ikabidi nikungoje wewe."

Akautoa mfukoni, na uzi wake mwekundu.

"Ndio huu? Na mwingine yuko nao nani?"

"Upo huu tu."

"Tangu lini unao wewe?"

"Tangu nilipoanza kazi."

Mwalimu aliupokea, akaanza kugeuka, akasimama. Akaangalia ufunguo, akaangalia ule msumari wenye aproni mlangoni pa ofisi. Fundi naye akaangalia, na ndipo ilipomwingia. Mama mdogo hakupitisha deki yoyote asubuhi ile. Asingeweza. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulilala kwake, ndani ya suruali yake, kando ya kitanda chake. Alikuwa amekiri kosa lisilowezekana, na yeye mwenye ufunguo amesimama pale pale anatazama koleo.

Uso umeumbwa na haya, na mwalimu aliyaona yote usoni mwake. Hakumkaripia. "Mkuu yupo mpaka jioni," alisema tu.

Fundi alichukua mkoba wake akatoka. Hakwenda kwa mkuu. Ndivyo alivyo mtu mwenye aibu, hutafuta kwanza mahali pa giza pa kuombea msamaha.

Nyumbani kwa mama mdogo, baba mdogo alikuwa kwenye kiti barazani, miguu ameinyoosha, anacheka kabla mgeni hajafika. "Fundi! Umesikia ya mama yako? Sasa kaangusha mpaka kompyuta! Si nilisema asishikishwe kitu?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Yuko uani, angalia asikuangushie nyumba."

Mama mdogo alikuwa anaanika nguo. Aliitikia shikamoo yake bila kugeuka. "Imepona?"

"Imepona, mama." "Mama, ufunguo ulikuwa kwangu."

"Najua. Si nilikupa mimi?"

"Sasa kwa nini ulisema uliingia?"

"Ulishasema wewe. Ningesema sikuingia, ungebaki na nini mbele za watu? Wangekuona mwongo, halafu na kazi huijui."

"Nilikosea mimi. Waya nilichomeka mimi mwenyewe. Nisamehe, mama."

Alitoa kibanio mdomoni, akabana shati, akageuka. Macho yake hayakuwa na machozi. Yalikuwa na hasira, na fundi hakuwahi kuiona hasira hiyo tangu azaliwe.

"Hapana. Usiniombe msamaha kwenye kamba ya nguo. Ulinisema ofisini, watu wamekaa, wakacheka. Nilikuwa naosha vikombe ukumbini, niliwasikia. Nenda kanisemee huko huko." Akainama kuchukua nguo nyingine. "Mimi kukubeba nimekubeba, baba, lakini mgongo umechoka. Ile mara ya kwanza ulikuwa mtoto."

Fundi alipita barazani bila kumtazama mzee, na mzee akamcheka kwa nyuma.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni pa ofisi kabla ya mkuu. Aliomba waitwe wote waliokuwepo jana. Usiku alikuwa amejitayarishia maneno, na methali ya nyani haoni kundule, aichanganye na utani kidogo ili mambo yawe mepesi. Alipowaona wamekaa, utani wote ulimtoka. Alitoa ule waya mkobani akaushika ncha mbili.

"Huu ndio uliozima mtandao. Ncha zote mbili zilikuwa kwenye swichi. Nilichomeka mimi, juzi jioni, kwa mkono wangu."

"Na mama yako?" mkuu aliuliza.

"Hakuingia. Hakuwa na ufunguo. Ufunguo ulikuwa kwangu. Alikiri ili mimi nisiaibike."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa useremala alikohoa, akaanza kukagua kucha zake. Mkuu akasema polepole, "Na jana nikakupa mkono."

"Ulinipa, mkuu."

"Kamlete. Wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Nami nitamwomba radhi mbele ya hawa hawa."

Akamleta. Mkuu akasimama akaomba radhi. Mama mdogo akaitikia kwa kichwa, akachukua aproni kwenye msumari, akaanza kuifunga. Karani, kwa kutaka kupatanisha, akasema, "Lakini mama, si ungetuambia tu kwamba huna ufunguo?"

"Fundi alishasema vitu huniponyoka," alijibu. "Ningewaambia, mngeniamini?"

Fundi aliyasikia maneno hayo yakimshukia peke yake ingawa hakutajwa hata mara moja. Alijua kwamba amelipa nusu. Waya ameukiri. Redio bado, na redio haikuwa ya watu wa ofisi.

Kazi ilipokwisha alimbebea mama mdogo mkoba, wakaenda pamoja bila mazungumzo mengi. Baba mdogo alikuwa ndani, chai imeshachemshwa, birika mezani.

"Wamekurudisha!" alipiga kelele. "Basi wafiche vyombo! Kaa, mama, kikombe chako hicho hapo, kisichovunjika."

Mama mdogo akakaa mbele ya kikombe chake cha bluu. Kilikuwa kimefifia rangi sasa, ukingo umekwaruzika kwa miaka ya kusuguliwa. Fundi alikiona kila siku ya utoto wake, na ilikuwa kama hajawahi kukiona.

"Baba," alisema, "ile redio."

"Redio gani?"

"Ya mbao. Haikumponyoka mama. Niliifungua mimi, kwa kisu cha mezani. Ulipouliza nilikuwa nyuma ya pazia."

Mzee alicheka, akidhani ni utani mpya. Akamtazama mkewe ili acheke naye. Mkewe alikuwa anapuliza chai. Kicheko kikapungua taratibu, kikaisha.

"Kweli?" alimuuliza.

"Ilishapita," alisema mama mdogo.

"Mbele ya dada zangu," mzee alisema. "Mbele ya watoto wa watu. Jana tu hapa…" Hakumaliza. Alishika meza akainuka, magoti yanalia, akaenda kabatini. Akanyoosha mkono juu, akateremsha kikombe cha kaure chenye mstari wa dhahabu ukingoni. Kilikuwa na vumbi. Akakifuta kwa pindo la shati lake, ndani na nje, muda mrefu kuliko vumbi lenyewe. Akakimiminia chai, akakiweka mbele ya mkewe kwa mikono miwili.

Mama mdogo alikitazama. Akagusa ule mstari wa dhahabu kwa kidole, kama mtu anayepapasa kitu dukani asichokusudia kununua.

"Asante," alisema. "Ila nimeshakizoea hiki."

Akainua kikombe cha plastiki, akanywa. Kile cha kaure kikabaki katikati ya meza kinafuka mvuke, na kati ya wanaume wawili wale hakuna aliyeweza kukigusa.